Barua kwa dada yangu aliye Changsha: msimpe mtoto mtihani mwingine

Dada, shikamoo.

Umeniruhusu nikujibu hadharani, maana kwenye grupu lenu la akina mama mlioolewa huko China swali lako wanalo wengi, wa Mombasa wamo, wa Bujumbura wamo. Basi majina nayaacha. Binti yetu ni binti, hospitali ni hospitali, na mumeo ni shemeji.

Ulivyonieleza ni hivi. Ana miaka 14, tumbo linamkata kila Jumapili usiku, Jumatatu hainuki kitandani, na sasa shule imempa likizo ya ugonjwa. Vipimo vya tumbo vimetoka safi. Daktari wa akili amesema ni wasiwasi na sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, kwa pamoja, akapendekeza tiba ya fikra na tabia, ile inayoanzia kwenye hisia. Shemeji anasema mwaka mmoja kabla ya zhongkao, mtihani utakaoamua kama mtoto anaingia sekondari ya juu au anapelekwa shule ya ufundi, si wakati wa kukaa kitako kuongelea hisia. Mama mkwe anasema mtoto hali vizuri, ndiyo maana. Na wewe uko katikati, unataka mimi niliyesomea mambo haya niseme nani yuko sahihi.

Daktari yuko sahihi. Ila kuna jambo mtalazimika kuliangalia wenyewe hapo nyumbani, la sivyo tiba hii itageuka somo jingine la kufaulu.

Tuanze na tumbo, kwa sababu ndilo linalomfanya shemeji aone mtoto anadeka. Mwaka 1980 daktari wa akili kutoka Marekani, Arthur Kleinman, alifanya kazi katika Chuo cha Tiba cha Hunan, hapohapo mjini kwenu. Aliwachunguza wagonjwa 100 waliokuwa wameandikiwa kwamba wana udhaifu wa mishipa ya fahamu, ugonjwa uliokuwa unatajwa sana China wakati huo. Walilalamika kichwa, kizunguzungu, uchovu, kukosa usingizi. Alipowahoji kwa undani, 87 kati yao walitimiza vigezo vya sonona. Hawakuwa waongo. Walitoka kwenye miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni, msako wa kisiasa wa enzi za Mao, na mtu aliyesema wazi kwamba amekata tamaa angeweza kuulizwa amekatishwa tamaa na nani. Kichwa kikiuma hakuna anayekushuku.

Na sisi je? Umewahi kumsikia bibi kule Tanga akisema ana huzuni? Alisema mwili umemchoka, moyo unamwenda mbio, chakula hakipiti. Tukamwelewa. Basi tumbo la binti limelelewa na pande zote mbili, usiligombeze.

Wala si yeye peke yake. Ripoti ya Taasisi ya Saikolojia ya Chuo cha Sayansi cha China ilisema mwaka 2020 dodoso lilionyesha dalili za sonona kwa asilimia 24.6 ya vijana, wenye dalili nzito wakiwa asilimia 7.4. Dodoso si utambuzi wa daktari, kwa hiyo usiende kumwambia mama mkwe kwamba robo ya watoto ni wagonjwa. Ila ukimwambia kwamba darasani kwa mjukuu wake wapo wengine, hutakuwa umemdanganya.

Sasa tiba yenyewe. Mizizi yake iko Philadelphia, miaka ya 1960, kwa daktari Aaron Beck. Aliona wagonjwa wake wa sonona wana mawazo yanayopita haraka kichwani bila kupigiwa hodi: sifai, nimeharibu, hakuna litakalobadilika. Ukiyakamata mawazo hayo ukayapima kwa ushahidi, na ukabadili unachofanya, moyo nao hulegea. Mjini humohumo, katika Chuo Kikuu cha Temple, mwanasaikolojia Philip Kendall akaitengenezea njia hiyo watoto wenye wasiwasi: mtoto anatambua woga wake, anauhoji, kisha anakiendea anachokiogopa hatua kwa hatua mpaka kinapoteza makali. Lakini mwanasaikolojia Cynthia Suveg na wenzake waligundua kwamba watoto hawa hawashindwi na woga tu. Hasira inawashinda, huzuni inawashinda pia. Mwaka 2006, yeye na Kendall na wenzao wakachapisha majaribio ya kwanza, kwa watoto sita tu, ya tiba inayofundisha kuzitambua na kuzibeba hisia zote, si woga peke yake.

Na hapa ndipo penye hoja yangu. Binti yako ni mtoto wa kufaulu. Umpe fomu ya safu tatu, wazo, ushahidi, wazo lenye mizani, ataijaza vizuri kuliko mimi. Nimeshuka kutoka nafasi ya 5 hadi ya 19. (Wizara ya Elimu ya China ilikataza mwaka 2021 kutangaza nafasi za wanafunzi, lakini watoto wanazijua kama wanavyojua majina yao.) Ushahidi: muhula uliopita nilifanya vizuri. Wazo lenye mizani: mtihani mmoja si maisha yangu yote. Alama mia kwa mia, na tumbo bado linakata.

Nimeyaona haya hapa Dar es Salaam. Binti mmoja wa kidato cha tatu aliniletea fomu iliyopigwa mistari kwa rula, kila jibu safi. Nikamuuliza, ulipokuwa unaandika mstari huu ulisikia nini? Akanitazama kama nimemtungia swali la nje ya silabasi. Tulikaa kimya pale, mimi nikijizuia nisimsaidie, mpaka akasema, "Shingo." Shingo imefanya nini? "Imekaza." Tangu hapo ndipo tulipoanza kazi.

Kwa hiyo ukisikia kwamba vikao vya mwanzo binti alichorewa umbo la mtu kwenye karatasi akaambiwa apake rangi pale hasira inapokaa, usishangae wala usiseme hela zinaliwa. Ndiyo kazi yenyewe. Atafundishwa kuipima hisia kwa kipimo cha 0 hadi 10, kwa sababu mtoto aliyezoea kumeza kila kitu anajua hali mbili tu, sawa na nimekufa. Atafundishwa kwamba chini ya hasira kwa baba huenda pana aibu, na chini ya aibu pana woga wa kuonekana hana shukrani. Fomu za mawazo zitakuja baadaye, na zitakuwa na kitu cha kushika.

Kisha zinakuja ngazi. Anapanda daraja moja baada ya jingine: kuvaa sare ya shule na kukaa nayo sebuleni, kufika getini jioni watoto wakiwa wametoka, kuingia kipindi kimoja, kurudisha zoezi lenye kosa alilolifanya makusudi. Katika tiba hii madaraja si ya woga peke yake. Lipo la kumwambia baba, "Jana uliposema nimekuangusha, niliumia," na kubaki amekaa pale wakati moyo unakimbia, bila kuomba radhi haraka haraka. Kwa nyumba yenu nadhani hilo ndilo litakuwa refu kuliko yote. Na kwa ajili ya sonona atarudishiwa shughuli ndogo ndogo hata kama hana hamu nazo, maana aliyezama kwenye sonona akisubiri hamu ndipo ainuke, hainuki.

Swali la shemeji ni la haki: hii si mambo ya Wamarekani? Mtoto wa Kichina atafundishwa kumjibu baba yake?

Hapana. Kutaja hisia na kukosa adabu ni vitu viwili. Na mwambie kwamba mjini kwake kuna wataalamu waliolifikiria hili zamani. Zhang Yalin na Yang Desen, madaktari wa akili wa Changsha, waliunda tiba ya fikra iliyoegemea mafundisho ya Tao, falsafa ya kale ya Kichina: kupunguza tamaa, kujua pa kutosheka, kushinda kwa ulaini, kuyaacha mambo yaende njia yake. Mwaka 2002 walichapisha matokeo ya watu wazima 143 wenye wasiwasi wa kudumu. Waliopewa vidonge vya kutuliza peke yake walipata nafuu upesi, lakini ilipofika miezi sita nafuu ile ilikuwa imeyeyuka. Waliopewa tiba ile walichelewa, ila walidumu. Waliopewa vyote viwili walipata upesi na wakadumu. Kwa hiyo mwanasaikolojia wa binti akichanganya maneno ya wazee wao na mbinu za Philadelphia, msimwone mbabaishaji. Mimi kinachonitia shaka kidogo ni pale "yaache yaende" inapotumika na wazazi kumnyamazisha mtoto. Hiyo si Tao, hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite.

Halafu kuna uzito ambao sisi tuliokua watoto saba nyumba moja hatuujui. Sheria ya mtoto mmoja ilikoma mwishoni mwa 2015, lakini binti yako bado ni peke yake: babu na bibi upande wa baba, babu na bibi upande wetu japo tuko mbali, baba, mama, wote macho kwake. Uliniambia kwamba saa nne usiku mama mkwe humpelekea sahani ya matunda yaliyokatwa vipande, anaiweka mezani pembeni ya vitabu, anatoka bila neno. Yule bibi anapenda, dada. Hana namna nyingine ya kusema. Tatizo ni kwamba mtoto anaiona sahani anasikia deni. Usimkataze bibi matunda. Mwombe akae dakika mbili na yeye ale kipande.

Na wewe. Najua neno lako, kwa sababu ndilo nililolelewa nalo pia: jikaze. Tulijikaza kisabuni, tukafika. Ila mtoto akisema "naogopa kesho," jikaze inamwambia kwamba woga wake ni kosa, na keshoye hatakuletea tena, ataupeleka tumboni. Jaribu hivi: "Naona umeogopa. Liko wapi, tumboni au kifuani? Ngapi kwa kumi?" Halafu nyamaza. Usitoe ushauri. Usiseme lakini. Akisema nane, sema nane ni nyingi. Hapo umefanya kazi ambayo mwanasaikolojia anaifanya saa moja kwa wiki, na wewe unaweza kuifanya kila siku. Usiulize baada ya kikao, "Leo umejifunza nini?" Hilo ni swali la mwalimu. Wala usiombe kuona daftari lake la hisia, hata kama amelisahau kochini.

Kuhusu ushahidi, sitakuuzia mbuzi kwenye gunia. Suveg na wenzake walilinganisha tiba hii na ile ya kawaida kwa watoto 92 wa miaka 7 hadi 12, wakachapisha mwaka 2018, na makundi yote mawili yalipata nafuu inayokaribiana. Kwa hiyo sisemi ile ya kawaida haifai. Nasema kwa mtoto huyu, mwenye wasiwasi na sonona pamoja na aliyefundishwa kujibu vizuri, mlango wa hisia ni mgumu kuughushi. Ni maoni yangu ya kazini, yapime.

Dawa? Msiogope na msikimbilie. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2004, vijana 439 wa miaka 12 hadi 17 wenye sonona, baada ya wiki 12 waliopata nafuu walikuwa asilimia 71 kwa waliopewa fluoxetine, dawa ya sonona, pamoja na tiba ya fikra na tabia, 61 kwa dawa peke yake, 43 kwa tiba hiyo ya fikra na tabia peke yake, na 35 kwa vidonge visivyo na dawa. Daktari akiona sonona ni nzito na akataka vyote viwili, ana sababu. Wiki za kwanza za dawa mwangalieni kwa karibu, na msimwachishe ghafla kwa kuwa ameanza kucheka.

Huyo mshauri wa mtandaoni aliyependekezwa kwenye grupu, achana naye kwa sasa. Sheria ya Afya ya Akili ya China, inayotumika tangu 1 Mei 2013, hairuhusu washauri nasaha kutibu wala kutambua magonjwa ya akili. Tiba ya kisaikolojia inafanyika kwenye vituo vya afya. Bakini na hospitali.

Na hili lisingoje miadi: akisema anatamani asingekuwepo, au ukiona alama mkononi anazozificha kwa mikono mirefu wakati wa joto, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Usimwache peke yake, ondoa dawa na vyenye makali, mpeleke hospitali usiku huohuo. Namba ya msaada wa kisaikolojia huko ni 12356, iandike kwenye mlango wa friji, na shemeji aiweke kwenye simu.

Kikao kijacho waulizeni mambo matatu: kama mwanasaikolojia atakutana na nyinyi wazazi bila mtoto, lipi atawaambia na lipi litabaki siri ya binti, na shule itahusishwa lini. Zhongkao msiitaje ninyi, aitaje yeye mwenyewe. Mwambie shemeji nitampigia Jumamosi, saa mbili usiku za kwenu, na asiweke spika.

Mdogo wako.