Mionzi ya kichwa isitangulie kipimo cha jeni

Kwa Mhariri,

Familia nyingi hapa Kisumu zikiambiwa saratani ya mapafu imefika ubongoni, huuliza tu mionzi ya kichwa ni pesa ngapi. Swali la kwanza lingekuwa: je, kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe kimepimwa jeni?

Kama saratani ni ya aina isiyo ya seli ndogo, iliyo ya kawaida zaidi mapafuni, na kipimo kimeonyesha mabadiliko ya EGFR (jeni inayochochea seli kukua) yanayotibika kwa vidonge, dawa ya osimetinibu ya miligramu 80 mara moja kwa siku hupenya hadi ubongoni. Mwenye mabadiliko ya ALK, jeni nyingine ya namna hiyo, ana kidonge cha alektinibu. Asiye na dalili za kichwa anaweza kuanza na kidonge, afuatiliwe kwa MRI (picha ya ubongo kwa sumaku), na mionzi ielekezwe kwenye uvimbe unaokaidi. Kumwagia kichwa kizima mionzi, kwa kawaida grei 30 (kipimo cha mionzi) kwa vipindi 10, huweza kudhoofisha kumbukumbu, na kurudia si rahisi. Uvimbe ukiwa mmoja hadi minne, midogo, ulizeni mionzi ya shabaha, inayolenga uvimbe pekee. Mkubwa unaobana ubongo hutolewa kwa upasuaji, kisha pengo lake hupigwa mionzi, kwani seli hubaki pembezoni.

Anayetapika, anayesinzia ovyo au aliyelegea upande mmoja hangoji majibu ya jeni. Huyo ni wa dharura.

Linalotuudhi zaidi ni dawa za kifafa. Mgonjwa huanguka kifafa usiku, hukimbizwa kituo cha karibu, hupewa fenitoini au kabamazepini, na hakuna anayemwarifu daktari wake wa saratani. Dawa hizo hulichochea ini kuvunjavunja osimetinibu haraka. Kiwango chake hushuka katika damu, uvimbe hukua, halafu kidonge cha bei ghali hulaumiwa. Levetirasetamu haina tatizo hilo.

Deksamethasoni, dawa ya steroidi, nayo hupunguza kuvimba kwa ubongo, kwa miligramu 4 hadi 16 kwa siku. Imezwe asubuhi na adhuhuri baada ya chakula. Ya jioni humnyima mtu usingizi. Sukari ipimwe. Ikishatumika kwa wiki kadhaa, haikatizwi ghafla, kwa maana mwili umeacha kutengeneza homoni yake. Na kama tiba ya kinga (dawa zinazoamsha kinga ya mwili ipigane na saratani) inapangwa, daktari ajaribu kwanza kuishusha hadi takriban miligramu 1.5 au chini, la sivyo huenda ikaizima kinga inayotarajiwa kupigana.

Barua ya rufaa iandikwe dawa zote na dozi zake, hata za kifafa na za sukari.

Wafamasia wa saratani,
Kisumu