Mtoto anayebembea kwenye chumba cha tiba hachezi bure

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wazazi wanaolalamika kwamba sisi wataalamu wa tiba kwa vitendo, tunaowasaidia watoto kumudu shughuli zao za kila siku, tunawatoza fedha ili watoto wao wabembee na kujiviringisha kwenye magodoro. Malalamiko haya nayasikia mara kwa mara, na mara nyingine mtoto huachishwa tiba katikati kwa sababu hiyo. Siwalaumu. Mzazi amesubiri miadi muda mrefu, kisha anamkuta mwanawe anapanda ngazi ya kamba huku akicheka. Hakuna sindano wala dawa. Atajuaje kwamba pale pana tiba?

Wengi wetu tulifundishwa milango mitano ya fahamu. Ipo mingine isiyotajwa sana, na ndiyo inayotushughulisha zaidi. Ndani kabisa ya sikio kuna viungo vinavyouarifu ubongo kwamba kichwa kimeinama, kimegeuka au kinakwenda kasi. Kwenye misuli na maungio kuna vipokezi vinavyoeleza mkono uko wapi na unatumia nguvu kiasi gani, hata mtu akiwa amefumba macho. A. Jean Ayres, mtaalamu wa fani yetu huko Marekani, alianza miongo mingi iliyopita kuchunguza jinsi ubongo unavyoziunganisha taarifa hizi zote, na jinsi mtoto anavyotaabika zinapokosa kuunganishwa vizuri. Kazi tunayofanya leo imetokana kwa sehemu kubwa na uchunguzi wake.

Mtoto wa namna hii mwalimu anamfahamu. Anavunja ncha ya penseli kila akiandika, anawakumbatia wenzake hadi wanalia, hatulii kitini. Anaitwa mkorofi. Huenda misuli yake haimpi taarifa za kutosha, hivyo anakandamiza penseli ili aihisi. Mwingine ni kinyume chake: lebo ya shati shingoni inamuumiza, kuchanwa nywele ni kilio, na kengele ya shule inamfanya azibe masikio na kujificha chini ya meza. Huyo naye anaitwa mwenye deko. Kumchapa kwa sababu amekataa soksi hakuuondoi mshono unaomkera vidoleni.

Sasa turudi kwenye bembea. Mtoto amelala kifudifudi juu yake, anaokota vifuko vya mchanga sakafuni na kuvirusha ndani ya ndoo. Shingo na mgongo vinafanya kazi ya kumwinua, macho yanaifuata ndoo, mkono unakadiria nguvu. Akilenga bila taabu, mtaalamu anaisogeza ndoo nyuma kidogo. Uso ukianza kupauka au viganja vikitoa jasho, bembea inapunguzwa mwendo mara moja. Kubembea polepole mbele na nyuma huwatuliza watoto wengi, ilhali kuzungushwa huwachangamsha, wakati mwingine kupita kiasi. Mtoto anachagua mchezo, mtaalamu anapima ugumu wake. Mtoto anayesukumwa tu bila yeye mwenyewe kufanya kitu hapati tiba ninayoizungumzia, na mzazi akiona hivyo ana haki ya kuhoji.

Ana haki pia ya kuambiwa ukweli kuhusu ushahidi. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilieleza kwamba utafiti kuhusu tiba hii ya kuunganisha taarifa za fahamu ulikuwa bado haba, kikasema inaweza kukubalika kama sehemu ya mpango mpana. Uingereza, utafiti uliochapishwa 2022 ukiwahusisha watoto 138 wenye usonji haukuona kwamba tiba hii ilipunguza tabia zenye kusumbua kuliko huduma za kawaida, ingawa wazazi waliona maendeleo kwenye malengo waliyojiwekea. Kwangu somo liko hapo kwenye malengo. Lengo la "atulie" halipimiki. "Apige mswaki bila kulia" au "avae sare mwenyewe kabla ya kwenda shule" linapimika, na baada ya wiki kadhaa mzazi ataona kama kuna mabadiliko. Yasipokuwepo, mpango ubadilishwe.

Na kabla ya yote hayo, masikio na macho ya mtoto yapimwe. Asiyesikia vizuri anaweza kuonekana hajali, na asiyeona vizuri anaweza kujikwaa kila hatua.

Jambo ninalowasihi wazazi zaidi ni kuingia nasi chumbani badala ya kubaki nje wakisubiri. Saa moja kwa wiki ni kidogo mno, maana maisha ya mtoto yako nyumbani na darasani. Mzazi aliyeona tunavyofanya anaweza kumpa mwanawe kazi ya kubeba vitabu au kusukuma kikapu cha nguo kabla ya kumketisha asome, kwa kuwa kazi nzito ya misuli huwasaidia wengi kutulia. Anaweza kukata lebo za nguo, au kumtangulizia habari kwamba muda si mrefu kutakuwa na kelele. Mwalimu naye amruhusu mtoto huyo kufuta ubao, kugawa madaftari, au kusimama anapoandika. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kifaa cha kununua.

Wako,
Mtaalamu wa tiba kwa vitendo kwa watoto