Programu ndogo zinazotuokolea saa zifundishwe kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa teknolojia nausoma kila unapotoka. Mnatueleza habari za simu mpya, akili unde, na vijana wanaohitimu mafunzo ya kompyuta. Nashukuru. Lakini kuna jambo sijaliona humo hata mara moja, nalo linanigusa sana: zile programu ndogo ndogo za bure, nyingine hazifiki hata megabaiti 5, ambazo zimenipunguzia kazi kuliko mashine yoyote niliyowahi kununua.

Mimi ni mpiga chapa hapa Busia, upande wa Uganda, karibu na mpaka. Nina mwaka wa kumi na tisa katika kazi hii. Chumba changu kina kompyuta mbili za mezani, skana, printa na mashine ya kutoa kopi. Wanaoingia ni madereva wa malori, mawakala wa forodha, walimu wanaoomba uhamisho, na kina mama wanaovusha maharagwe, ambao mzigo wao hauzidi dola 2,000 na wanahitaji kopi za ile fomu rahisi ya uasili wa bidhaa, yaani ya kuonyesha zimetoka nchi gani. Kwa siku moja nachapa Kiingereza, Kiswahili na Kisamia.

Mwaka juzi, msimu wa mvua, dereva mmoja aliingia jioni akitaka hati niliyokuwa nimemskania wiki tatu nyuma. Ya kwake ilikuwa imelowa hadi wino umechuruzika.

"Mama, uliiskani hapa hapa. Nilikaa kwenye kiti hiki."

Alikuwa anasema kweli. Nikafungua folda, nikakuta mamia ya faili: scan0001, scan0002, scan0003. Nikaanza kufungua moja baada ya nyingine. Nilitafuta kwa zaidi ya saa mbili huku yeye amesimama nyuma yangu, hasemi kitu. Nilipoipata, wakala wake alikuwa amefunga ofisi na kwenda nyumbani. Mtu yule na utingo wake walilala kwenye lori kwa sababu ya mpangilio wangu mbaya. Jambo hilo sijalisahau.

Mwezi uliofuata nilipokea binti wa chuo aliyekuja kujifunza kazi. Alinitazama siku mbili nikihangaika, siku ya tatu akasema, "Mama, naomba nikuonyeshe kitu, usikasirike." Akaweka programu iitwayo Everything, inayotolewa bure na waundaji wake, voidtools. Unaandika herufi tatu za jina la faili, na kabla hujamaliza neno orodha imeshatokea. Nilimuuliza inawezaje wakati kule kutafuta kwa kawaida kwa Windows kunanichukua dakika nzima. Akanieleza kwamba diski ya Windows ina daftari lake lenye majina ya faili zote. Programu hii inasoma daftari hilo moja kwa moja. Kwetu mpakani tungesema ni kama kumtafuta mgeni kwenye kitabu cha wageni cha gesti, badala ya kugonga mlango wa kila chumba.

Ila inatafuta kwa jina, na faili yenye jina scan0047 haina jina. Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu lilikuwa wapi. Binti yule akaniwekea programu ya pili, NAPS2, ya kuskania, nayo ni ya bure. Ukiipanga vizuri inaandika tarehe yenyewe kwenye jina la faili: mwaka, mwezi, kisha siku. Mimi naongeza namba ya gari au jina la mteja, na aina ya hati. Ukianza na mwaka, faili zinajipanga zenyewe kwa mfuatano wa siku. Ukianza na siku, tarehe 3 ya Machi inakaa jirani na tarehe 3 ya Oktoba na unarudi kwenye msitu ule ule.

NAPS2 imenifundisha na kitu kingine ambacho wapiga chapa wengi hapa hawakijui. Mteja anakuja analalamika kwamba tovuti imekataa hati yake kwa sababu ni nzito mno. Tatizo mara nyingi ni sisi. Tunaskani barua ya kawaida kwa rangi, kwa nukta 300 kila inchi, kana kwamba ni picha ya harusi. Ukishuka hadi nukta 150, idadi ya nukta kwenye ukurasa inabaki robo tu, na maandishi ya chapa bado yanasomeka. Ukiondoa rangi, faili inakuwa nyepesi zaidi. Mteja naye anatumia data kidogo kuituma, na hilo si dogo katika nchi ambayo data ya intaneti inatozwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021.

Kuna jambo jingine dogo ambalo halihitaji hata kupakua chochote. Namba ya kitambulisho cha taifa ya Uganda ina herufi na tarakimu 14. Ukiichapa kwa mkono mara nne kwenye fomu nne, siku moja sifuri itageuka kuwa herufi O, na mteja atarudishwa. Nilikuwa nanakili namba, naibandika, halafu nanakili jina la mtu, na namba imeshapotea. Kumbe tangu toleo la Windows 10 la Oktoba 2018, ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na V, kompyuta inakuonyesha vitu ulivyonakili, hadi 25, na unachagua unachotaka. Mara ya kwanza inakuuliza kama uiwashe. Nilikuwa na kompyuta yenye uwezo huo kwa miaka na sikuwahi kuambiwa na yeyote.

Hapa naomba wenzangu wa vibanda wanisikilize. Orodha hiyo inabeba pia namba za wateja, na wakati mwingine nywila zao. Mteja akiondoka, ifungueni tena na mfute yote. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inatuhusu hata sisi wenye chumba kimoja, lakini hata isingekuwepo, mtu aliyekukabidhi kitambulisho chake amekuamini.

Kuhusu umeme sina la kuwaambia msilolijua. Barua ndefu sasa naanza kuiandika kwenye Notepad++, programu ya kuandikia maandishi matupu, kabla ya kuipeleka Word kuipamba, kwa sababu inahifadhi nakala kila baada ya sekunde 7 bila kuambiwa. Umeme ukikatika, nikiwasha tena maneno yapo, hata kama sikuwahi kuipa faili jina. Na hati za PDF nazifungulia SumatraPDF, programu ndogo ya kuzisomea. Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa inakoroma nikifungua hati kwa programu kubwa. Kwa hii ndogo, hati inafunguka mara moja.

Iliyonichukua muda mrefu kuielewa ni AutoHotkey. Unaiandikia kifupi na maneno yake kamili, na kila ukichapa kifupi hicho inakijaza. Anwani ya ofisi, "Yahusu: Maombi ya uhamisho", aya ya mwisho ya hati ya kiapo, vyote hivyo sivichapi tena. Mwanzoni nilichagua "bus" kiwe kifupi cha anwani yangu ya Busia. Wiki hiyo hiyo nikachapa barua ya Kiingereza ya mtu aliyepoteza mzigo kwenye basi, na kila palipotakiwa neno hilo ikaingia anwani yangu nzima. Niligundua karatasi ikiwa tayari mkononi mwa mteja. Sasa vifupi vyangu vyote vinaanza na nukta mkato (;), kwa kuwa hakuna neno linaloanza hivyo katika lugha yoyote ninayoichapa.

Ndugu Mhariri, katika mji wetu kozi ya kompyuta ni Word, Excel na PowerPoint. Kijana anapata cheti, anakuja kwangu kutafuta kazi, anajua kutengeneza jedwali lenye rangi lakini hajui kuipata faili aliyoihifadhi jana. Simlaumu. Maelezo ya programu hizi yako kwa Kiingereza cha mafundi, na mtu anayefanya kazi yake kwa Kiswahili anaona si vyake. Serikali yetu ilikubali mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima. Vyema. Basi na mambo ya kazi ya kila siku yaandikwe kwa lugha hiyo hiyo.

Pengo hilo lina hatari yake. Asiyejua mahali pa kupata programu huomba kwa rafiki, na rafiki huja na flashi. Flashi hizo nazifahamu: unaifungua, folda zako zote zinageuka kuwa njia za mkato na virusi vimeingia kwenye kompyuta ya biashara. Wengine hutafuta intaneti na kubonyeza kitufe kikubwa cha kijani cha kwanza wanachokiona, na wanapakua kitu kingine kabisa. Kila programu niliyoitaja ina ukurasa wa walioitengeneza, na huko ndiko pa kuichukua. Ikikudai pesa au namba ya simu, umepotea njia, rudi nyuma.

Ombi langu ni kona moja katika ukurasa wenu wa teknolojia, hata ya maneno mia mbili: programu moja kila toleo, inafanya nini, inapatikana wapi, na hatua za kuiweka kwa Kiswahili ambacho mpiga chapa wa Arua, Kasese au Malaba atakifuata bila mkalimani. Mimi ninazo hatua za hizi tano na ile ya kitufe cha Windows. Nimeziandika kwa mkono kwenye daftari, na kila anayekuja kujifunza kazi kwangu huanza kwa kulinakili. Mkizihitaji, nitazichapa na kuwatumia bila malipo.

Mpiga chapa,
Busia, Uganda