Densi ya mlingoti ilitoka wapi, na kwa nini hatufichi asili yake

Mtu akitaka kujiunga na darasa letu hapa Nairobi, huanza kwa kuuliza bei. Kisha ataulizia maegesho, na kama kuna mahali pa kuogea. Halafu, baada ya kimya kidogo, unaingia ujumbe aliokuwa akiuzungukia tangu mwanzo: "Lakini dada, hii si ile ya vilabuni?" Wengine huuliza kwa niaba ya mume, wengine kwa niaba ya mama mkwe. Tumeona tulijibu hapa kwa kirefu, maana jibu la kweli haliwezi kuenea kwenye ujumbe wa WhatsApp.

Ndiyo, ni ile ya vilabuni. Vilevile ina undugu na mazoezi ya wanamieleka wa India na wanasarakasi wa China. Studio nyingi duniani hupenda kuwataja Wahindi na Wachina, kisha zikanyamaza kuhusu vilabu. Sisi tunawataja wote.

Tuanze na India. Maharashtra kuna mchezo uitwao mallakhamb, ambao wanamieleka walikuwa wakiufanya ili kujenga mwili. Unatajwa katika Manasollasa, kitabu cha Kisanskriti cha karne ya 12 cha mfalme Someshvara III. Baadaye ulififia, hadi mwanzoni mwa karne ya 19 ulipofufuliwa na Balambhatta Dada Deodhar, mwalimu wa mazoezi wa Bajirao II, Peshwa (mtawala) wa Wamaratha. Mlingoti wao ni gogo la mtiki lililochongwa, nene chini na jembamba juu, lenye kirungu kichwani, nao hupakwa mafuta ya mbarika. Mchezaji hupanda akiwa na kichupi tu, kwa sababu kinachoshika mti ni ngozi ya paja, ya kwapa na ya tumbo. Mwaka 2013 jimbo la Madhya Pradesh liliutangaza kuwa mchezo wake rasmi, na mwaka 2019 mji wa Mumbai ukaandaa mashindano ya kwanza ya dunia. Watoto wa shule hushindana, wasichana kwa wavulana, wakiwa na nguo ndogo kama za wanafunzi wetu, na wazazi wao wanakaa pembeni wakipiga makofi.

Wachina wana yao. Milingoti yao huvishwa mpira, na wasanii huvaa nguo nzima na viatu kwa sababu mpira ule huchuna ngozi. Huruka kutoka mlingoti mmoja hadi mwingine, au hujinyoosha ubavu hewani mpaka mwili mzima ukalala sambamba na ardhi. Sarakasi ya Kichina haiko mbali nasi. Miaka ya 1960 serikali ya Tanzania ilipeleka vijana China kusomea sanaa hiyo, nao waliporudi wakawa msingi wa kikundi cha sarakasi cha taifa. Leo wanasarakasi wa Kenya na Tanzania wanaajiriwa Ulaya na kwingineko, na mkao ule wa kulala hewani ndio ambao wanafunzi wetu wa ngazi ya juu huutolea jasho kwa miezi mingi.

Lakini densi tunayofundisha sisi, ya mlingoti mwembamba wa chuma, ya muziki na viuno, haikutoka moja kwa moja huko. Ilikulia katika vilabu vya densi za uchi vya Marekani na Kanada. Onyesho linalotajwa mara nyingi kuwa la kwanza kuandikwa lilifanyika mwaka 1968 huko Oregon, Marekani, na mchezaji alijulikana kwa jina la jukwaani la Belle Jangles. Kufikia miaka ya 1980 mlingoti ulikuwa umeenea vilabuni pande zote mbili za mpaka. Waliougeuza kuwa sanaa walikuwa wanawake waliofanya kazi usiku, wakalipwa kwa bahshishi, wakafundishana nyuma ya jukwaa. Hawakuwa na kocha wala godoro la kuangukia. Huko Atlanta, wachezaji Weusi waliufikisha mchezo huu juu kabisa, wakipanda hadi darini na kushuka kichwa chini.

Darasa kama letu lilianzia hapo. Katika miaka ya 1990 Fawnia Mondey, Mkanada aliyekuwa mcheza vilabuni, alianza kuwafundisha wanawake wasiokuwa na haja ya kufanya kazi klabuni, akatoa na video za mafunzo. Miaka ya 2000 ilipoanza, mwigizaji Sheila Kelley akafungua madarasa yake Los Angeles baada ya kujifunza mlingoti kwa ajili ya filamu. Wanawake wenye kazi za ofisini na watoto nyumbani wakagundua kwamba wanaweza kujiinua kwa mikono yao wenyewe, na studio zikaanza kuzaana.

Ukija darasa la kwanza utaona urithi huo kwa macho yako. Utafundishwa mzunguko wa zimamoto. Mkono wa ndani unashika juu ya kichwa, wa nje usawa wa kifua. Unatembea hatua mbili kuuzunguka mlingoti, mguu wa nje unafagia hewani, kisha unaruka kidogo na magoti yote mawili yanaubana mlingoti. Kama mkono wa juu umenyooka na bega limeshuka mbali na sikio, utazunguka taratibu hadi chini. Kama umekunja kiwiko kwa woga, utateremka kama gunia, na hakuna atakayekucheka kwa sababu kila mmoja wetu alianza hivyo. Mzunguko huo haukubuniwa na shirikisho lolote la michezo. Hata viatu vile vya soli nene na kisigino cha inchi nane, ambavyo wanafunzi wetu huvipenda sana katika darasa la Ijumaa, ni viatu vya kazi vya wacheza vilabuni.

Ndiyo maana tunaumia tunapoona baadhi ya wenzetu wakiosha jina lao kwa kuwachafua wale wanawake. Miaka ya 2010 ilitokea heshitegi mtandaoni ambayo wanafunzi wa studio waliitumia kusema "mimi si mcheza uchi", chini ya picha za mikao waliyojifunza kutokana na wacheza uchi. Wenyewe waliona, na wakajibu kwa heshitegi yao ya kujitambulisha bila aibu. Tunakubaliana nao. Huwezi kuchukua ujuzi wa mtu, ukautoza ada, kisha ukamkana mwenye ujuzi. Hao ni wafanyakazi: mwezi wa Mei 2023 wachezaji wa klabu ya Star Garden, Los Angeles, walijiunga na chama cha waigizaji cha Actors' Equity baada ya kudai usalama kazini kwa zaidi ya mwaka. Mwalimu wa densi ya mlingoti anapaswa kulijua jambo hilo kama anavyojua majina ya mikao.

Upande wa michezo nao umesonga mbele, na tunaufurahia kwa dhati. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Mlingoti, IPSF, liliundwa mwaka 2009 chini ya Katie Coates wa Uingereza, likaandaa mashindano ya dunia London mwaka 2012. Huko milingoti ina kipenyo cha milimita 45, mmoja umekazwa na mwingine unazunguka, na waamuzi hutoa alama kwa ugumu wa mkao na unadhifu wa miondoko. Visigino virefu haviruhusiwi. Oktoba 2017, GAISF, iliyokuwa jumuiya ya mashirikisho ya michezo duniani, iliupa mchezo huu hadhi ya mwangalizi. Vyombo vingi vya habari viliandika kana kwamba mlingoti umeshaingia Olimpiki. Haukuingia. Hadhi ile ilikuwa ngazi ya chini kabisa katika safari ya kutambuliwa. Hata hivyo kwa mzazi anayejiuliza kama binti yake anaweza kufanya mlingoti kama mazoezi ya viungo, habari ile ilifungua mlango.

Kukubalika hakuendi kwa mstari ulionyooka. Jennifer Lopez alipanda mlingoti mbele ya dunia nzima kwenye mapumziko ya Super Bowl, fainali ya kandanda ya Kimarekani, huko Miami, Februari 2020, akiwa na umri wa miaka 50. Mamilioni walishangilia, na malalamiko zaidi ya 1,300 yakafika kwenye tume ya mawasiliano ya Marekani kuhusu onyesho lile. Kwa hiyo dada, ukiona jirani yako hapa anakunja uso, usidhani ni sisi peke yetu tulio hivyo.

Nasi tuna jambo letu la kufikiria. Sisi tuliokulia Pwani tumeona chakacha harusini, kina mama na kina bibi wakizungusha viuno kwa ufundi ambao mtu hujifunza tangu utotoni, wanaume hawapo, na hakuna anayesema pale pana uhuni. Baikoko ya Tanga ilipotoka kwenye ua wa wanawake ikapanda jukwaani mbele ya kila mtu, kelele zikaanza. Nikifikiria hilo naona kwamba kiuno hakijawahi kuwa shida. Watu huuliza nani anatazama, na mchezaji ameridhia au hakuridhia. Swali hilo ni la haki, na studio yetu tumeipanga kwa kulizingatia.

Chumba cha mazoezi hakina dirisha la barabarani. Simu hukaa kwenye kabati wakati wa darasa, isipokuwa dakika za mwisho ambapo anayetaka hujipiga picha, na hakuna picha yako itakayowekwa kwenye kurasa zetu bila wewe kukubali kwa maandishi. Darasa la Jumamosi asubuhi ni la wanawake tu, mwalimu mwanamke. La Jumatano jioni ni la wote, wanaume wakiwemo. Visigino si lazima kwa yeyote, wala viuno si lazima. Anayetaka nguvu tu atapewa ratiba ya nguvu.

Kuhusu kaptura fupi: kitambaa huteleza kwenye chuma, ngozi hushika. Hakuna sababu nyingine. Njoo na suruali ya mazoezi juu na kaptura ndani, uivue tutakapofika kwenye kukaa juu ya mlingoti. Wengi hufanya hivyo wiki za mwanzo. Siku ya darasa usijipake losheni wala mafuta, hata ya jana usiku husumbua. Vua pete. Mlingoti tunaufuta kwa spiriti kabla ya kila mtu kupanda. Michubuko kwenye muundi na ndani ya paja utaipata, hasa mwezi wa kwanza, na hupungua ngozi inapozoea.

Usisubiri uwe na mikono yenye nguvu ndipo uje, wala usisubiri upungue uzito. Deb Roach wa Australia alipoteza mkono akiwa mtoto mdogo, na amekuwa bingwa wa kimataifa wa mchezo huu katika kitengo cha watu wenye ulemavu. Nguvu hujengwa hapa hapa, kwa mazoezi ya chini kwanza.

Kama una jeraha la bega au kifundo cha mkono, au una ujauzito, tuandikie kabla ya kulipia. Wajawazito wasiowahi kupanda hatuwapokei hadi wajifungue na daktari awaruhusu, na malipo yako tutakuwekea.