Barua kwa mjomba wangu kuhusu mbuyu

Mjomba wangu mpendwa,

Ninakusalimu kutoka hapa Kisumu. Nimeichelewesha barua hii tangu Krismasi ili hasira zako zipoe kwanza, na ninaiandika waziwazi kwa kuwa mzozo wa siku ile si wetu peke yetu. Kila boma ninalolijua katika magharibi hii lina mzee aliyewahi kuinuka mezani kwa ajili ya Sheng, lugha ya mitaani ya vijana wetu.

Unakumbuka ilivyokuwa. Ulikuwa ukitusimulia, kwa mara ya tatu nadhani, safari yako ya kwanza kwa garimoshi, ndipo mwanangu alipomnong'oneza binamuye: "Mbuyu akianza hamalizangi." Ulinyamaza, kisha ukauliza kwa upole, "Mbuyu upi? Kakamega hakuna mibuyu." Watoto waliangua kicheko hata mmoja wao akamwaga chai.

Uliinuka mezani, na baadaye ukasema kwamba Kiswahili kinauawa. Niwie radhi mjomba, lakini sidhani kwamba kilichokuuma ni Kiswahili. Kilichokuuma ni kusemwa ukiwapo na usijue kwamba unasemwa, na hiyo ndiyo kazi ya misimu tangu zamani: kuzungusha ua, walio ndani wajuane, walio nje wabaki nje. Watoto wa Pwani walikuwa na kinyume, wakigeuzageuza silabi ili wakubwa wasiwaelewe, hata kabla Nairobi haijawa mji. Sheng nayo ilipokolea katika mitaa ya mashariki ya Nairobi kama Kaloleni, Shauri Moyo na Bahati, miaka ya 1960 na 1970, ilikuwa na kazi nyingine ya ziada, kwani watoto wa Waluhya, Wajaluo, Wakamba na Wakikuyu waliokua mlango kwa mlango walihitaji lugha ambayo haikuwa ya mzazi wa yeyote kati yao.

Sasa itazame sentensi yenyewe kwa jicho la mwalimu. "Mbuyu" ni nomino ya Kiswahili iliyopewa maana mpya, yaani mzee au baba, na kusema kweli si tusi baya kufananishwa na mti wa namna ile. "Akianza" ina -ki- ya masharti mahali pake hasa. Kiambishi cha mwisho tu ndicho kigeni, nacho hakikutoka mbali: ni ile -nga ya mazoea, iliyogeuka -ngi kwa ukanushi, ambayo Mluhya yeyote huitambua. Wewe mwenyewe, ukishaweka chaki kando, husema "nilikuwa nakujanga". Mtoto alikurithi.

Ua hilo, hata hivyo, halidumu. Bodaboda lilianza kama neno la waendesha baiskeli wa mpakani Busia, waliovusha abiria kati ya Kenya na Uganda huku wakiliita jina la mpaka kwa Kiingereza, "border". Leo limo magazetini na bungeni, wala hakuna anayeliona kuwa la mtaani. Matatu nalo lilitokana na nauli ya senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi. Na siku ile ile ya Krismasi, mjomba, ulinitaka nikuazime "jirongo" ya kununulia sukari. Nilikuelewa mara moja kwa sababu nami nilikuwapo noti ya shilingi 500 ilipopewa jina la mwanasiasa Cyrus Jirongo wa kwetu huku, aliyevuma katika kampeni za mwaka wa 1992. Mwanangu alibaki akitukodolea macho. Safari hiyo aliyekuwa nje ya ua ni yeye, na sikumwona akiinuka mezani.

Kuhusu uandishi ninakubaliana nawe kabisa. Ulitufundisha isimujamii, yaani matumizi ya lugha katika jamii, zile alama 10 za karatasi ya pili ya mtihani wa kidato cha nne, ukatukaririsha kwamba kila mazingira yana sajili yake, yaani mtindo wake wa lugha. Mwezi jana kijana huyu aliandika barua rasmi ya kuomba nafasi ya mafunzo kazini, akamhakikishia meneja kwamba yeye huwa "rada" muda wote, akimaanisha kuwa ni makini. Nililizungushia neno hilo kalamu nyekundu, kama ulivyozoea kufanya kwenye insha zangu. Aliduwaa kwa dakika nzima akitafuta neno la kuweka mahali pake asilipate. Hapo ndipo penye dosari, mjomba: ana neno moja mahali ambapo anahitaji matatu, na hayo mawili yaliyosalia hupatikana vitabuni na katika masimulizi marefu ya watu kama wewe. Ukimsusia, atayasikia kwa nani?

Anakungoja likizo ya mwezi wa nne. Ukishuka steji, chukua bodaboda ikulete hapa mtaani kwetu Nyalenda. Kijana akikuambia "soo", hiyo ni shilingi mia moja. Mjibu "chwani", yaani hamsini, kisha unyamaze, umtazame usoni.

Ni mimi mpwa wako,
Kisumu