Mashabiki wa Bret Hart tumefika umri wa kuulizia tezi dume

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme neno kuhusu namna sisi mashabiki wa mieleka tunavyopokea habari kwamba mmoja wa wakongwe wetu amepatikana na saratani ya tezi dume. Habari ya namna hiyo imekwisha kutufikia zaidi ya mara moja. Februari 2016 Bret Hart, Mkanada tuliyemjua ulingoni kwa jina la "Hitman", alitangaza akiwa na umri wa miaka 58 kwamba anaugua ugonjwa huo na kwamba atafanyiwa upasuaji. Oktoba 2021 ikawa zamu ya Jim Duggan, yule mzee wa ubao begani na kidole gumba hewani, mshindi wa Royal Rumble ya kwanza mwaka 1988 (pambano la watu wengi ambalo mshindi ni anayebaki peke yake ulingoni), ambaye miaka mingi nyuma alikuwa ameugua pia saratani ya figo.

Mapokezi yetu yalikuwa ya upendo, na upendo huo siudharau. Bret aliombewa dua, watu wakakumbushana miwani aliyozoea kumvalisha mtoto wa mstari wa mbele kabla ya pambano, wakayarudia majigambo yake ya zamani kwamba hajatokea wala hatatokea aliye bora kuliko yeye. Kwa mtu aliyempoteza mdogo wake Owen mwaka 1999, aliyeacha mchezo kwa sababu ya teke lililomjeruhi ubongo, na aliyepatwa na kiharusi mwaka 2002 baada ya kuanguka na baiskeli, kujua kwamba watu asiowafahamu wanamtakia heri si jambo dogo. Hata hivyo karibu maneno yetu yote yalielekezwa kwa Hitman, na machache mno yakamfikia mwanamume wa miaka 58 mwenye tezi dume inayougua. Kwa kuwa tulikuwa tukizungumza na shujaa wa ulingoni, habari ile ilitupita kana kwamba haituhusu, ilhali ilituhusu sana.

Kuna tabia moja ambayo mchezo wenyewe umetulea nayo, nayo ni kutoamini. Mieleka tunayoipenda ni maigizo ya watu wenye miili ya kweli, na shabiki mzoefu hujiuliza kwanza kama analoliona limepangwa. Owen Hart alipoanguka kutoka darini mwa ukumbi wa Kemper Arena, Kansas City, Mei 23, 1999, wapo waliokuwa ukumbini waliodhani ni sehemu ya onyesho, na mtangazaji Jim Ross ikambidi awaeleze waliokuwa wakitazama nyumbani kwamba hayo hayakuwa maigizo. Mwanamieleka na mtangazaji Jerry Lawler alipopatwa na mshtuko wa moyo akiwa kwenye meza ya utangazaji, Montreal, Septemba 2012, ilibidi maelezo kama hayo yatolewe tena. Oktoba 2018 mwanamieleka Roman Reigns alipanda ulingoni, wapo waliomzomea kama walivyozoea, mpaka aliposema kwamba jina lake halisi ni Joe na kwamba ameishi na saratani ya damu kwa miaka 11. Simlaumu shabiki kwa shaka hiyo, kwani amefundishwa kuwa nayo. Tofauti ni kwamba saratani ya tezi dume haimwangushi mtu mbele ya kamera. Katika hatua za mwanzo mara nyingi haina dalili yoyote. Mtu huonekana na misuli yake yote, anatembea na kucheka, huku tezi ile ndogo iliyo chini ya kibofu, inayouzunguka mrija wa mkojo, ikiwa tayari na ugonjwa. Anayesubiri kuona ndipo aamini atasubiri mpaka umechelewa kutibika, na hapo nazungumzia mwili wake mwenyewe wala si wa Bret.

Linalonisumbua zaidi, Mhariri, ni kelele zetu za "pigana". Najua kwamba Bret mwenyewe alipotangaza ugonjwa wake alizungumza kwa lugha ya vita, na ana haki nayo kamili. Ndiyo lugha aliyokulia katika chumba cha chini cha nyumba ya baba yake, Stu Hart, huko Calgary, ambamo vijana wengi walifundishwa mieleka kwa maumivu. Mgonjwa achague maneno yanayompa nguvu. Ila sisi tuliokaa pembeni tunapolishikilia wazo hilo, tunajifunza kwamba mwanamume hodari ni yule anayekimbilia kisu cha daktari mara moja, na kwamba anayepona amepona kwa ushujaa.

Ukweli wa ugonjwa huu hauko hivyo. Zipo saratani za tezi dume zinazokua polepole kiasi kwamba mtu anaweza kuzeeka nazo na kufa kwa sababu nyingine kabisa, na zipo kali zinazokimbilia kwenye mifupa. Daktari huzitofautisha kwa kuchukua vinyama vidogo kutoka kwenye tezi na kuvichunguza kwa darubini, kisha huvipa alama ya Gleason ambayo kwa kawaida huanzia 6, iliyo ya pole, hadi 10, iliyo kali. Katika utafiti wa Uingereza uitwao ProtecT, wanaume 1,643 waliokuwa na saratani ambayo bado haijatoka nje ya tezi waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilipasuliwa, jingine likatibiwa kwa mionzi, na la tatu likafuatiliwa kwa vipimo bila kutibiwa kwanza. Matokeo ya miaka 15, yaliyochapishwa mwaka 2023, yalionyesha kwamba takriban wanaume 97 katika kila 100 hawakuwa wameuawa na saratani hiyo, na tofauti kati ya makundi yote matatu ilikuwa ndogo sana. Ni kweli kwamba katika kundi lililofuatiliwa ugonjwa ulisambaa kwa watu karibu mara mbili ya makundi mengine, ingawa bado walikuwa wachache, na kwamba wengi wa kundi hilo hatimaye walikuja kutibiwa. Lakini katika miaka yote hiyo waliepuka, au waliahirisha, gharama ambayo mwili hulipa kwa matibabu.

Gharama hiyo mashabiki huwa hatuitaji. Mishipa ya fahamu inayowezesha nguvu za kiume hupita ubavuni mwa tezi, na misuli inayozuia mkojo iko jirani nayo, hivyo upasuaji, hata ukifanywa na mikono stadi, unaweza kumwachia mtu upungufu wa nguvu za kiume au mkojo unaovuja, kwa miezi au kwa maisha yote. Mionzi nayo inaweza kuusumbua utumbo na kibofu. Sasa tumfikirie mwanamieleka mstaafu aliyeambiwa na daktari kwamba saratani yake ni ya pole, naye akatangaza kwamba kwa sasa hatafanyiwa chochote ila kupimwa damu kila baada ya miezi kadhaa. Tungemwambia nini? Nina hakika wengi wetu tungemwona kama aliyegonga turubai kukubali kushindwa kabla kengele haijalia, na tungemsukuma kwa mapenzi mema kabisa kuelekea upasuaji asiouhitaji. Shinikizo hilo humfikia pia shabiki wa kawaida aliye katika hali hiyohiyo, ambaye hana watu elfu wa kumwombea lakini ameyasikia yote tuliyomwambia Bret.

Mizaha ya kidole cha daktari, kile kinachopapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, nitaipita haraka, maana haistahili aya nzima. Kipimo cha kidole kipo na huchukua muda mfupi, ila uchunguzi kwa kawaida huanza na damu inayotolewa mkononi, na anayekimbia hospitali kwa kuogopa kuchekwa ajue kwamba aliyemtania hatakuwapo chumbani.

Kipimo hicho cha damu ni cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume, nacho pia tusikipambe. Hakisemi kwamba una saratani wala kwamba huna. PSA hupanda kwa sababu ya saratani, lakini hupanda vilevile kwa maambukizi, kwa tezi kutanuka kutokana na umri, hata kwa tendo la ndoa la siku moja au mbili kabla ya kipimo. Ikiwa juu, hurudiwa, na siku hizi mara nyingi hufuatwa na picha ya MRI kabla ya kuchukua kinyama. Ndiyo maana nchini Marekani jopo la wataalamu wa kuzuia maradhi lilisema mwaka 2018 kwamba wanaume wa miaka 55 hadi 69 waamue wenyewe baada ya kuzungumza na daktari, na likashauri kwamba wenye miaka 70 na kuendelea wasipimwe kwa utaratibu wa kawaida. Chama cha Saratani cha Marekani kwa miaka mingi kimeshauri mazungumzo hayo yaanze mapema zaidi: miaka 50 kwa walio wengi; 45 kwa Wamarekani weusi na kwa yeyote ambaye baba au ndugu yake wa damu aliugua kabla ya miaka 65; na 40 kwa mwenye zaidi ya ndugu mmoja wa karibu waliougua mapema.

Tuiweke miaka hiyo kando ya miaka yetu. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 Oktoba 1992, Bret alipomshinda Ric Flair mjini Saskatoon na kuuchukua kwa mara ya kwanza ubingwa wa WWF, kampuni ya mieleka ya Marekani ambayo sasa huitwa WWE, sasa ametimiza 45 au amepita. Aliyekuwa na umri huohuo Duggan alipobaki peke yake ulingoni katika Royal Rumble ya 1988 amefika kwenye mlango wa 50 au ameupita. Kizazi kizima kilichojifunza kunyoosha kidole gumba na kukunja miguu ya wenzao kwa mtindo wa Sharpshooter, kabali ya miguu aliyoitumia Bret, kimeingia kwa pamoja katika umri ambao daktari na mtu wake wanapaswa kuanza kuzungumza, na bado kinapopata habari za saratani ya tezi dume kinazipokea kama habari za mzee fulani maarufu.

Na suala la damu moja, familia ya Hart imetuonyesha waziwazi. Smith Hart, kaka mkubwa wa Bret, naye aliugua saratani ya tezi dume, akafariki dunia Julai 2, 2017, siku ambayo Bret alikuwa anatimiza miaka 60. Bret alikuwa amepasuliwa Februari 2016, upasuaji ukafanikiwa, na Mei mwaka huohuo tulimwona akimsindikiza ulingoni mpwa wake Natalya. Ndugu wawili, wa baba mmoja na mama mmoja, ugonjwa wa jina moja, na miisho miwili tofauti. Sitathubutu kusema mmoja alikuwa mpambanaji kuliko mwingine, na ningependa kumsikia shabiki anayethubutu. Mwenye baba au ndugu aliyeugua ana uwezekano wa kuugua unaofikia mara mbili au zaidi ya mtu mwingine, na hilo peke yake lingetosha kumfanya kila mmoja wetu aulize nyumbani kwao babu alikufa kwa maradhi gani, kwani ni swali ambalo daktari atauliza na wengi hatuna jibu lake.

Ombi langu kwa gazeti lako, Mhariri, ni dogo. Mkongwe mwingine wa mieleka akitangaza ugonjwa huu, na kwa umri walionao hakika atatangaza, habari hiyo isiishie kwenye mikanda aliyoshinda na salamu alizotumiwa. Iandikwe ana umri gani, ugonjwa ulijulikana kwa njia ipi ikiwa mwenyewe amesema, kama ameeleza kwamba wapo wengine katika ukoo wake, na kama amechagua upasuaji, mionzi au kufuatiliwa, tena bila kuliita chaguo lolote kati ya hayo ushujaa au woga. Na chini ya habari hiyo yatengwe maelezo mafupi ya daktari kuhusu umri wa kuanza kuulizia kipimo, yaandikwe kwa herufi zinazosomeka bila miwani, kwa maana wengi wetu sasa tunaihitaji.

Wako,
Shabiki wa mieleka