Chupa isiyo na jina

Newala, Julai

Mwanangu Somoe,

Asalaamu alaykum. Ujumbe wako kwamba mmeanza kuingia maabara nimeusoma mara tatu, na usingizi ukanipaa. Shangazi yako ananicheka, eti mtoto wa PCB, hiyo fizikia, kemia na biolojia, atafundishwa nini na mbangua korosho. Sawa. Lakini chupa isiyo na jina usiifungue wala usiinuse, hata mwenzako akiapa ni maji.

Daftari lako la kemia uliliacha. Hamisi ananitafsiria jioni, kwa Kiingereza chake hicho hicho. Anasema kuna tabia unazoziona kitu kikiwa vile vile, kama rangi, uzito na joto la kuchemkia, na kuna ambazo huzijui mpaka kitu kiungue au kichanganywe, kitoke kingine kabisa. Juzi baba yako kamaliza kupuliza salfa mikorosho ya bondeni. Salfa ni njano, ukiitia kwenye maji haiyeyuki, hayo jicho linaona. Iwashe sasa: mwali wa buluu, na moshi unakaba koo. Njano yake ilikudokeza? Na wapika gongo, bila shule, wanajua pombe hutangulia kupanda kabla ya maji. Daftari linasema nyuzi 78 kwa 100. Zote mbili zikishapoa kwenye glasi, nani atazitambua kwa macho?

Ndiyo maana nang'ang'ania chupa. Hata hiyo asidi ya salfa haina rangi. Hamisi kasoma kwamba asidi ndiyo hutiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Ukitia maji kwenye asidi, joto linayachemsha papo hapo yanaruka usoni. Nywele nazo uzifunge, nilishakwambia.

Ile siku ya Hamisi unaijua, sirudii. Ila baba yako mpaka leo anaamini mafuta ya taa uliyatia wewe kwenye chupa ya maji. Mimi siku ile nilikwenda dukani bila dumu. Na maziwa yale niliyomnywesha ili atapike, daktari alinigombeza sana, maana mafuta ya taa yakirudi juu huingia mapafuni. Ulichapwa, ukanyamaza. Usiri huo sijui umeutoa wapi.

Daraja la kwanza lako nililitangaza sokoni kote, kisha nikaja kukuuliza mbona hisabati una C. Basi.

Maji tunanunua tena, ndoo imepanda bei. Mbuzi kazaa mapacha, mmoja hanyonyi vizuri. Mwambie matroni blanketi moja halitoshi.

Mzigo nimempa konda wa basi la Jumanne. Korosho nimezibangua mwenyewe, majivu nilipaka lakini vidole vimebabuka vile vile. Usizigawe zote. Mna na kichupa cha mafuta ya nazi. Kwa baridi ya Njombe yataganda yawe meupe, hayajaharibika, yaweke juani kidogo. Jina nimeandika juu, mwandiko ni wangu.

Mama yako